Mtoto Niliyemwacha Kibumba

Aline wangu,

Umetoka kwenda kuaga wenzako wa korali ya kanisa, na papa yako amekaa mbele ya nyumba anashona mkanda wa mfuko wako uliokatika. Ni saa tisa mchana. Nimefunga mlango wa chumba, nimeweka daftari juu ya magoti, kwa sababu nikingoja urudi nikuambie kwa mdomo najua nitakachofanya: nitakuuliza kama umekula. Kwa miaka kumi na saba, kila nilipotaka kukuambia jambo hili, nilikuuliza kama umekula.

Kesho unapanda gari la Rutshuru na kushuka Kalengera, na keshokutwa utasimama mbele ya watoto wa miaka mitatu, minne na mitano. Habari za maji ya kuchemsha, chandarua na sweta ya asubuhi, shangazi yako amekwisha kukuambia zote, nyingine mara mbili. Mimi nakuandikia jambo moja tu. Mtu mwingine hawezi kukuambia, labda wewe mwenyewe, na sijui wewe unakumbuka kiasi gani. Hujawahi kuniuliza.

Unajua kwamba nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo Kibumba, na kwamba tulipokimbilia Goma niliacha kufundisha. Nilikuambia ni magoti. Si magoti.

Nilipata darasa lile nikiwa karibu na umri wako wa sasa. Kilikuwa chumba kimoja cha mbao juu ya mawe meusi ya volkano, na nyuma yake tangi kubwa la kukinga maji ya mvua, maana Kibumba unajua hakuna mto. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia hadi ndani, tukawasha taa na bado watoto hawaonekani vizuri kwenye viti vya nyuma. Nilikuwa na watoto ishirini na wanne, na wewe ulikuwa mmoja wao. Wazazi walikuwa watu wa viazi, karoti na shu, yaani kabichi. Walitoka kwenda shambani kabla jua halijachomoza, na walinipa watoto wao kwa heshima iliyonifanya nivimbe kichwa. Waliniita Madamu hata wazee.

Sasa sikiliza kosa langu la kwanza, maana hayo mengine yalizaliwa humo. Nilitaka darasa lililonyamaza. Nilikuwa nimesoma kwamba mtoto mwenye adabu ni yule anayekunja mikono juu ya meza na kumtazama mwalimu, na nikawafundisha hivyo tangu wiki ya kwanza. Walikaa wamepangwa kama magunia ya viazi yanayongoja lori. Wakaimba nyimbo za Kifaransa wasizoelewa hata neno. Mtoto akirudi nyumbani na nguo chafu, mama yake alikuja kwangu: "Madamu, nilimutuma kusoma ao kucheza?" Nami nilimhakikishia kwamba kwangu hakuna kucheza. Mkaguzi alipokuja, alisimama mlangoni akasikiliza ule ukimya, akaniambia hajaona darasa kama hilo barabara nzima. Nililala na furaha. Sikujiuliza kwa nini, saa ya kwenda nyumbani, watoto wale wale walikuwa wanapigana kwa mawe kabla hawajafika kwenye njia kuu. Walikuwa hawajui kuombana kitu, wala kungojana zamu, wala kusema "nimeumia." Hayo sikuyahesabu kuwa masomo.

Katikati ya mwaka akaja Uwera.

Mama yake alikuwa ameteremka kutoka milima ya Masisi na mume wake, waliokuja kuchunga ng'ombe za tajiri mmoja pale juu ya Kibumba. Kule walikotoka, nyumba yao ilikuwa peke yake juu ya mlima, jirani wa karibu ni mwendo wa saa nzima. Uwera alikuwa na miaka minne na hakuwa amewahi kukaa na mtoto mwenzake. Alikulia kati ya ndama. Ndama ndio aliocheza nao, ndio aliolala karibu nao, na mambo yao ndiyo aliyoyajua. Akimpenda mtoto, alimsogelea sana, akamnusa shingo, akamsukuma na paji la uso. Akinyang'anywa kitu, aliuma.

Leo, mtoto kama yule akija kwangu, ningejua kwamba anasema. Anasema kwa lugha aliyo nayo. Wakati ule nilikuwa na neno moja tu kwa ajili yake: mubaya. Wiki ya pili niliwasimamisha watoto wote nikawaambia, "Yule anauma. Musimukaribie." Mwalimu akisema hivyo kwa watoto wa miaka minne, Aline, amekwisha kujenga ukuta. Kuanzia siku ile, Uwera akikaa kwenye kiti, kiti kilibaki kwake peke yake.

Isipokuwa wewe. Hili nataka ulijue hata kama umelisahau. Siku moja saa ya mapumziko nilitoka nikawakuta wewe na yeye upande wa tangi. Mlikuwa mmepiga magoti, mmegusanisha paji la uso, mnasukumana polepole na kucheka. Alikuwa amekufundisha mchezo wa ndama. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kabla ya siku ile. Nilikukamata mkono nikakuondoa. Nilikuambia, "Wewe ni mutoto wa Madamu. Unataka watu waseme nini?" Ulikuwa na miaka mitano. Ulinitii.

Kila asubuhi na kila saa ya kutoka nilikuwa napanga watoto wawili wawili, wameshikana mikono. Kila mtoto alikuwa na mwenzake, niliyemchagua mimi. Pamoja na Uwera, watoto ishirini na watano wanatoa jozi kumi na mbili, na mmoja anabaki. Sikuhangaika kutafuta nani abaki.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu mzito. Mama Uwera nilimwona asubuhi na mapema akipita mbele ya shule na bidoni za maziwa, anateremka Goma. Alinisalimia. "Madamu, mutoto nakuachia." Nikamwambia aende salama.

Karibu saa nne nilisikia ukilia. Uwera alikuwa amekuuma mkononi, alama za meno yote zinaonekana. Sikuuliza kilichotangulia. Baadaye, miaka mingi baadaye, nilikumbuka kwamba wewe ulikuwa umekaa na wasichana wengine wawili, na kwamba yeye alikuwa amesimama karibu sana, ameinamisha kichwa, kama anavyofanya akitaka ule mchezo. Nadhani alikusukuma na wewe ukamkataa mbele ya wenzako, kama nilivyokufundisha. Lakini saa ile niliona tu mkono wa mtoto wangu. Nilimshika Uwera nikamvuta nje, nikamkalisha chini nyuma ya tangi, mahali mtu hawezi kumwona kutoka mlangoni. Nikamnyoshea kidole: "Usitoke hapa mpaka nikuite."

Hazikupita hata dakika ishirini, silaha nzito zikaanza kulia upande wa kaskazini. Kwanza moja, kisha nyingi. Watu wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria. Mtu mmoja alipiga kelele dirishani, "Madamu, toa watoto!" Na mimi nilifanya kile nilichokuwa najua vizuri kuliko kitu kingine chochote. Nilisema "En rang," na watoto wakasimama wawili wawili, wameshikana mikono, hakuna aliyelia. Ule ukimya wangu! Nikahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Jozi kumi na mbili kamili. Nikaona kazi yangu ni nzuri. Tukatoka.

Nilihesabu jozi, Aline. Sikuhesabu watoto.

Barabarani wazazi walikuwa wanatukuta wanakimbia kutoka mashambani, udongo hadi magotini, kila mmoja anamchomoa mtoto wake kwenye mstari na kuendelea mbele. Mstari ukapungua. Tulikuwa tumetembea labda nusu saa uliponivuta kitenge.

"Mama, Uwera haiko."

Nilikuambia, "Nyamaza, tembea."

"Ulimuambia asitoke mpaka umuite."

Hapo nilisimama. Nataka nikuandikie sawasawa kilichopita ndani yangu, kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya husema walichanganyikiwa. Mimi sikuchanganyikiwa. Nilitazama nyuma, nikaona moshi juu ya mikaratusi. Nilitazama mbele, nikaona watoto kumi na mmoja ambao wazazi wao walikuwa bado, na wewe. Nilijua tangi liko wapi, na kwamba nikikimbia peke yangu ninaweza kufika na kurudi. Pale kando alikuwa amesimama mama mmoja wa kanisani kwetu, ningeweza kumwachia ninyi. Nilimwona. Na nikajiambia maneno haya: mama yake atakuwa amekwisha kumchukua. Nilijiambia hivyo nikijua kwamba mama yake yuko Goma na maziwa, nilimwona kwa macho yangu.

Labda ningerudi ningekufa njiani, na ninyi mngebaki bila mtu. Papa yako aliniambia hivyo wiki iliyopita, nilipomweleza mara ya kwanza. Ni mtu mwema papa yako. Lakini mimi najua kwamba pale barabarani sikuwaza ninyi kumi na wawili. Niliogopa tu. Na ndani ya woga kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi: mtoto aliyekuwa nyuma ya tangi ni yule aliyeuma, yule ambaye hakuna aliyeshikana naye mkono. Angekuwa mtoto mwingine wa darasa langu, nadhani ningerudi.

Nilikushika mkono, tukaendelea. Lori la shu lilitubeba sote sehemu iliyobaki, na wale kumi na mmoja wazazi wao wakawapata huko.

Tulifika kambi ya Mugunga, karibu na Goma, tukapewa shitingi ya plastiki na mahali pa kuitandika juu ya mawe. Papa yako alikuwa bado amekwama Butembo. Siku ya tatu Mama Uwera alitupata. Alikuwa ameuliza kambi nzima, mstari kwa mstari, miguu imevimba. Alipiga magoti mlangoni kwetu, hakuingia.

"Madamu, mutoto wangu iko wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Siku tatu nilikuwa nimetengeneza jibu. Nilisema, "Tulitoka naye. Kulikuwa watu wengi barabarani. Alinitoka mkononi."

Wewe ulikuwa umekaa nyuma yangu. Ulisema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesaidia mwenzake aliyesahau: "Hapana, Mama. Uwera ulimuacha nyuma ya tangi."

Niligeuka nikakupiga mdomoni.

Sikuwa nimewahi kukupiga. Ulinitazama na hukulia. Damu kidogo ilitoka kwenye mdomo wa chini. Nilimwambia Mama Uwera, "Watoto baada ya vita wanasema ovyo." Alinitazama mimi, akakutazama wewe, akainuka akaenda.

Tangu siku ile hukusema na mtoto yeyote wa kambi kwa karibu mwaka mzima. Mimi na shangazi yako ulitujibu, maneno mawili matatu. Lakini watoto wakija kukuita, uliingia ndani. Watu walisema, "Huyu mutoto ni mupole sana," na mimi nilishukuru, nikijua ninachoshukuru.

Nakuambia na hili, kwa sababu litakufaa katika kazi. Pale Mugunga, nikiwa nimekaa bila darasa, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza watoto wanavyofundishwa kuishi na wenzao. Jirani yetu Mama Bahati, ambaye hakusoma hata mwaka mmoja, alikuwa na watoto wanne wake na watatu aliowaokota njiani. Walipigana kila siku. Wawili wakipigana, hakuwapiga wala hakuuliza nani alianza. Aliwapa bidoni moja na fimbo moja, wapitishe fimbo kwenye mshikio, kila mmoja ashike upande wake, waende kuchota. Mmoja akienda mbio, maji yanamwagikia mwenzake. Mmoja akilegea, bidoni inamtelezea yeye. Walienda wamenuna. Nilikuwa nawatazama wanavyorudi. Kutoka bombani mpaka kwetu ni mbali, na katikati ya njia ungeona mmoja anasema kitu, mwingine anabadilisha bega, miguu inaanza kwenda pamoja. Nilifikiria miaka yangu yote ya mikono iliyokunjwa mezani, nikaona aibu. Na bado sikukuchukua wewe nikakupa upande mmoja wa fimbo. Niliogopa kwamba ukicheza na watoto utasema, na ukisema watu watajua.

Siku ya kumi na moja Mama Uwera alirudi. Alikuwa amembeba Uwera mgongoni.

Mzee mmoja mchunga ng'ombe ambaye hakukimbia alikuwa amemkuta kwenye kibanda cha ndama, amelala katikati yao, ananuka maziwa, midomo imepasuka kwa baridi. Nilipomwona nilisema, "Asante Mungu," nikakaa chini. Mama yake alibaki amesimama. Uwera alinitazama juu ya bega la mama yake. Hakujificha. Akasema polepole, kwa Kinyarwanda cha kwao:

"Madamu, hukuniita."

Ningeweza kusema wakati ule. Mtoto alikuwa hai, mama yake amemshika, hakuna aliyekuwa anataka kunifunga. Ilikuwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Mama Uwera aliniuliza, "Hakuna kitu unataka kuniambia?"

Nilisema, "Hapana. Nashukuru tu amepatikana."

Alingoja. Aliweka mtoto sawa mgongoni, akangoja tena kidogo. Kisha akaenda, na sikuwaona tena kwa miaka kumi na sita.

Hukuwahi kujua ni kwa nini niligeukia kushona. Na mimi nilikuona ukikua. Kila mwisho wa mwaka uliniletea karatasi ya shule imeandikwa *calme, disciplinée*, mtulivu, mwenye nidhamu, na shangazi yako aliipeleka kwa majirani waione. Hukuleta rafiki nyumbani hata mmoja. Ulipokuwa na miaka kumi na minne, ulirudi jioni ukaniambia msichana mmoja wa darasa lenu amefukuzwa kwa wizi wa kalkuleta, na kwamba wewe ulimwona aliyeiba, na si yeye. Nilikuuliza, "Ukasema nini?" Ukaniambia, "Nilinyamaza, Mama." Hukusema kwa hasira. Ulisema kama mtu anayeeleza alivyofanya kazi aliyopewa. Nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Halafu ukachagua kusomea kazi hii. Unakumbuka nilivyokupinga. Nilikuambia usomee uuguzi, usomee ofisi, usomee chochote. Ulisema, "Nataka wale wadogo." Nilikukasirikia miezi miwili, na wewe ulidhani nadharau kazi yako.

Mwaka jana nilikuambia naenda mazishi Rutshuru. Hapakuwa na mazishi. Mama mmoja niliyemshonea alinitajia, bila kujua, kwamba Mama Uwera anakaa Kalengera, mume wake amefariki, wana ng'ombe wachache na shamba la maharagwe. Nilikwenda. Nilimkuta amekaa kwenye uwanja anachambua maharagwe kwenye ungo. Alinitambua kabla sijasema jina. Upande wa zizi kulikuwa mwanamke kijana anakamua. Aliposikia sauti yangu aliinuka, akachukua ndoo ya maziwa, akaenda nyuma ya nyumba. Hakurudi mpaka nilipoondoka. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni nani.

Nilisema yote nimesimama. Tangi, jozi, moshi, yule mama wa kanisani kando ya barabara, uongo wa kambini. Mama Uwera hakuacha kuchambua. Nilipomaliza alisema:

"Nilikuwa najua. Mutoto wako alisema, nikaona umemupiga. Mutu hapigi mutoto vile kwa uongo. Ile siku nilirudi na Uwera mugongoni, nilikuja kukupa nafasi."

Niliuliza Uwera alikaa pale kiasi gani.

"Mpaka giza liliingia. Ulimuambia angoje, akangoja. Mabomu yanapita, yeye anangoja. Halafu baridi ikamushinda, akaenda kwa ndama." Alitupa jiwe lililokuwa kwenye maharagwe. "Mpaka leo hawezi kungoja mutu. Ukimuambia nangoja hapa narudi, anainuka anaenda. Bwana yake hajui ni kwa nini."

Nilimwomba anisamehe. Nataka nikuandikie jibu lake kama lilivyokuwa, nisiliongezee sukari. Alisema, "Sijue. Leo naweza kusema ndiyo, kesho nikimuona mutoto wangu vile iko, nakasirika tena. Mimi sifiche." Akaendelea na maharagwe yake. Nilifikiri mazungumzo yamekwisha, nikaanza kuaga. Ndipo akauliza:

"Yule mudogo aliyesema, iko?"

"Iko. Amemaliza masomo. Anataka kufundisha wadogo."

Alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. Akaniambia kwamba pale Kalengera wazazi wamejenga chumba cha mbao kwa ajili ya watoto ambao hawajafikia umri wa shule, kwa sababu wameona watoto wao wameharibika na vita hivi vya mwisho. Wanaumana. Wanafunga wenzao kwa kamba na kuwalaza chini, wanasema ni mchezo. Wengine hawasemi kabisa, wanakaa mlangoni siku nzima. Mtoto wa Uwera ni mmoja wa hao, ana miaka minne. Wamekosa mwalimu.

"Umutume yule," alisema.

Nilisema, kama mjinga, "Mimi pia naweza kuja kusaidia."

"Hapana. Wewe hapana. Yeye."

Niliporudi nilikuambia nimesikia Kalengera wanatafuta mwalimu. Uliandika barua yako, wakakujibu haraka, na ulishangaa kwamba hawakukuuliza maswali mengi. Sasa unajua. Nilikuacha ufurahi miezi yote hii bila kukuambia unakwenda kwa nani, na hilo nalo liweke kwenye hesabu yangu.

Sina ushauri wa kukupa kuhusu darasa. Ulipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha Kanyaruchinya nilikuja siku moja bila kukuambia, nikasimama nje. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Msichana mmoja alikuwa amemnyima mwenzake kamba, na wewe ulichuchumaa katikati yao ukauliza mmoja, kisha mwingine, na ukangoja jibu. Uliongea nao kuliko ulivyowahi kuongea na mimi. Niliondoka kabla hujaniona.

Mtoto wa Uwera atakuja kwako, labda ataletwa na bibi yake, labda na Uwera mwenyewe. Uwera akija mwenyewe, usimwombe msamaha kwa niaba yangu. Usimpelekee salamu zangu. Mchukue mtoto.

Barua hii nitakupa mkononi leo ukirudi kutoka kanisani. Sitaificha kwenye mfuko uisome ukiwa umefika mbali, kwa sababu nataka uwe na nafasi ya kukataa kwenda, ao ya kunikasirikia nikiwa karibu. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kulala kwa shangazi, papa yako atakupeleka.

Lakini kuna neno moja nililopaswa kukuambia ukiwa na miaka mitano, umekaa juu ya mawe ya Mugunga na damu mdomoni, na nitaliandika hapa kabla ya jina langu, hata kama limechelewa sana.

Ulisema kweli, Aline. Mimi ndiye niliyesema uongo, na mimi ndiye niliyestahili kupigwa.

Mama yako